Kula kwenye konoba ya Dalmatia: mwongozo kwa anayeingia mara ya kwanza

Kila kiangazi maswali ni yale yale. Mtu yuko Split, Kroatia, kwa mkutano, au ameshuka melini Dubrovnik kwa saa chache, au anaishi Ujerumani na amekuja likizo na familia. Anaingia mgahawa wa kienyeji, anafungua menyu, kisha ujumbe unaanza kuingia. "Hii bei ya samaki ni ya sahani nzima?" "Mkate wameniwekea wenyewe, mbona wananilipisha?" "Yule pweza wa kwenye makaa wanasema hawana, tatizo nini?" "Humu hamna nguruwe kweli?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Nitaongelea hasa konoba, yaani mgahawa wa kienyeji wa Dalmatia, pwani ya kusini ya Kroatia, kuanzia Zadar na Šibenik, kupitia Split, hadi Dubrovnik, pamoja na visiwa kama Brač, Hvar, Vis na Korčula. Zamani konoba ilikuwa ghala la chini ya nyumba, pa kuwekea mapipa ya mvinyo, mafuta ya zeituni na samaki wa chumvi. Nyingi bado zina kuta nene za mawe. Ukiwa sehemu nyingine ya Kroatia hatua ni hizi hizi, ila vyakula vinabadilika.

Kabla hujatoka, uwe na haya

- Saa mbili za nafasi, angalau. Konoba si mahali pa kula huku unatazama saa. Kama meli inang'oa nanga baada ya saa moja, ingia pekara, duka la mikate, ununue bureki ya jibini (burek sa sirom) ule ukitembea. Konoba iache kwa siku nyingine.
- Kadi ya benki na yuro kidogo za taslimu. Kroatia ilianza kutumia yuro tarehe 1 Januari 2023, na siku hiyo hiyo ikaingia eneo la Schengen. Ukikuta ushauri wa mtandaoni unaotaja bei kwa kuna, sarafu ya zamani, ujue bei hizo zimepitwa na wakati. Kadi zinapokelewa sehemu nyingi, lakini konoba ndogo ya kijijini inaweza kukuambia "gotovina", taslimu tu. Uliza kabla ya kukaa.
- Kiasi mlichokubaliana kutumia, hasa mkiwa wengi. Samaki wa Adriatiki anaweza kuvunja urafiki.
- Orodha ya usivyokula, imeandikwa kwa Kikroatia kwenye simu. Sentensi nimeziweka kwenye hatua ya 6.

Usiogope kusoma menyu kwa sauti. Irabu zao hutamkwa kama zetu: a, e, i, o, u. Kumbuka tu kwamba j ni "y", š ni "sh", č na ć zote zitamke "ch", c ni "ts", na nj ni "ny". Kwa hiyo njoki ni "nyoki", škampi ni "shkampi". Hapo tayari unatamka vizuri kuliko watalii wengi utakaokaa nao.

Hatua ya 1: Jua uko upande gani wa nchi

Kosa kubwa la wageni ni kudhani kuna "chakula cha Kikroatia" kimoja. Ukiagiza samaki wa kuchoma Zagreb utampata, lakini hukuja Zagreb kwa ajili hiyo. Mji mkuu na Zagorje, eneo la kaskazini yake, ni nchi ya štrukli (unga uliokunjwa na jibini laini ndani, wa kuchemsha au wa kuoka) na bata mzinga kwa mlinci, vipande vya mkate mwembamba mkavu uliolainishwa. Slavonia, mashariki, ni paprika tupu: kulen, ambayo ni soseji ya nguruwe yenye pilipili nyekundu, na fiš paprikaš, mchuzi wa samaki wa mtoni. Istria ina uyoga wa thamani uitwao tartufi na tambi za fuži. Lika wanasifika kwa mwanakondoo na viazi.

Dalmatia ni samaki, mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na mboga ya majani iitwayo blitva. Mwaka 2013 UNESCO iliijumuisha Kroatia kati ya nchi za ulaji wa Mediterania kwenye orodha yake ya urithi, na visiwa vya Brač na Hvar ndivyo vilivyotajwa kuwa mfano wake.

Hatua ya 2: Chagua konoba, usichaguliwe

Mtu anayekuvuta mlangoni huku ameshika menyu yenye picha za chakula, mshukuru upite. Pia uwe macho na meza zilizo mbele kabisa ya bahari au kwenye njia kuu ya mji wa kale, kama Stradun ya Dubrovnik. Si kwamba chakula chake lazima kiwe kibaya, ila mandhari unayalipia.

Ninachotafuta mimi ni menyu fupi. Konoba yenye vyakula sitini haiwezi kuwa na samaki wa leo kwa vyote. Natafuta pia harufu ya kuni au makaa, na wenyeji wanaokula mchana, hasa mafundi na wazee. Mlo mkubwa wa siku kwao ni wa mchana. Dalmatia kuna pia marenda, mlo wa kabla ya mchana wa bei nafuu wa watu wa kazi. Kaskazini, Zagreb, huitwa gablec. Ukiona ubao umeandikwa "marenda" na bei yake, umepata njia rahisi kuliko zote ya kula chakula halisi bila kutoboa mfuko.

Onyo la msimu: konoba nyingi za visiwani na za pwani hufungwa majira ya baridi, kuanzia karibu Novemba hadi kuelekea Pasaka. Ukienda Februari, piga simu kwanza.

Hatua ya 3: Ukitaka peka, piga simu mapema

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Peka ni kifuniko kizito cha chuma chenye umbo la kengele. Kwenye sinia ya chini wanapanga pweza, au nyama ya ndama, au mwanakondoo, pamoja na viazi, karoti, vitunguu, rozmari na mafuta ya zeituni ya kutosha. Sinia inawekwa juu ya jiko la mawe lililopata moto, inafunikwa, kisha makaa na jivu vinarundikwa juu ya kifuniko. Angalia kifuniko chenyewe: vingi vina pete ya chuma inayozunguka nje, ya kuzuia makaa yasiporomoke. Chakula kinaiva kwa mvuke wake chenyewe huku juu kikipata rangi ya kahawia. Katikati ya upishi mpishi anafunua mara moja, anageuza, na mara nyingi anamimina mvinyo mweupe, halafu anafunika tena. Kazi nzima huchukua saa moja na nusu hadi tatu kutegemea nyama.

Sasa unaelewa kwa nini ukiingia saa moja jioni na kuagiza peka, mhudumu anatabasamu tu. Fanya hivi:

1. Piga simu siku moja kabla, au angalau asubuhi ya siku hiyo.
2. Taja nyama unayotaka: hobotnica ni pweza, teletina ni ndama, janjetina ni mwanakondoo.
3. Taja idadi ya watu na saa mtakayofika. Sehemu nyingi hazipiki peka ya mtu mmoja. Kiwango cha chini huwa watu wawili, pengine wanne.
4. Uliza bei ni ya mtu mmoja, ya kilo, au ya sinia nzima. Zote tatu zipo.
5. Fika kwa wakati. Chakula hakikungoji wewe, na ukichelewa utakula viazi vilivyokauka.

Kosa la kawaida: kupiga simu, kuagiza, halafu kutotokea. Pweza amekwisha kupikwa na hakuna mwingine wa kuuziwa. Kama mipango imebadilika, mwambie mwenye konoba mapema.

Ukiambiwa pweza aligandishwa kwanza, usidhani umeuziwa bidhaa duni. Kumgandisha kunalainisha nyama. Watu wa Unguja na Lamu wanaompiga pweza wao mwambani wanaijua shida hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Ingia, salimia, kaa

Mchana sema "dobar dan", jioni "dobra večer". Salamu kwanza, mahitaji baadaye. Hilo hatuhitaji kufundishwa. Kisha: "Imate li stol za dvoje?" yaani mna meza ya watu wawili? Jioni za Julai na Agosti weka nafasi mapema.

Mkate utaletwa, pengine na mafuta ya zeituni au samaki wadogo wa kupaka. Mara nyingi huu unalipiwa, kwa jina la kuver au couvert, kwa kila kichwa. Si utapeli, ni desturi, na bei yake huwa mwishoni mwa menyu. Kama huutaki, mwambie mhudumu kabla hujaugusa.

Hatua ya 5: Soma menyu kwa mpangilio wake

Predjela ni vianzio. Juhe ni supu. Glavna jela ni vyakula vikuu. Prilozi ni vya kando: viazi, blitva, mboga za kuchoma. Angalia sana hicho cha mwisho, kwa sababu mara nyingi samaki au nyama huja peke yake na vya kando vina bei yao. Mtu anaagiza samaki, anamuona amelala sahani nzima bila hata kiazi, anakasirika. Agiza blitva. Inapikwa na viazi, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na ni rafiki wa samaki huko kote.

Vyakula vya kujaribu, kwa upendeleo wangu:

Brudet. Mchuzi mzito wa samaki wa aina kadhaa, vitunguu, nyanya na siki au mvinyo. Mpishi hakorogi kwa mwiko; anatikisa sufuria ili samaki wasivunjike. Huliwa na palenta, unga wa mahindi uliosongwa ukawa kama ugali laini. Kwa mtu aliyekaa Ulaya muda mrefu, hii ndiyo sahani itakayomtuliza. Ila uwe makini kwenye bonde la mto Neretva, karibu na Metković na Opuzen: brudet ya huko ni ya mikunga, na mara nyingi na vyura pia. Neno la kutafuta ni žabe.

Crni rižot. Wali mweusi tii, uliopikwa na ngisi na wino wake. Ni mtamu mno. Meno yatakuwa meusi, midomo pia, kwa hiyo usiuagize kabla ya kupiga picha ya harusi, na usivae shati jeupe.

Buzara. Kome (dagnje) au kamba (škampi) kwa vitunguu saumu, mvinyo mweupe na chenga za mkate. Huliwa kwa mikono, na mchuzi unafutwa kwa mkate. Hapa ule mkate uliolipia unapata kazi.

Pašticada. Nyama ya ng'ombe iliyolala kwenye siki, ikapikwa taratibu na plamu kavu na mvinyo mtamu wa prošek, ikaletwa na njoki. Ni chakula cha sherehe. Soma hatua ya 6 kabla ya kuiagiza.

Chaza (kamenice). Ukipita Ston au Mali Ston, kwenye njia ya Dubrovnik, hapo ndipo kwao. Huliwa wabichi kwa limau. Kama tumbo lako ni jepesi, kula mmoja uone.

Tamutamu sitazikalia: agiza rožata, kastadi ya Dubrovnik yenye sukari ya kuungua, basi.

Hatua ya 6: Nguruwe na mvinyo, uliza kabla

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake si fupi.

Pršut kila mtu anaijua: paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa, la Dalmatia hupigwa moshi. Shida ni nguruwe asiyeonekana. Pašticada, ingawa ni ya ng'ombe, nyama yake mara nyingi huchomekwa vipande vya panceta, nyama ya tumbo la nguruwe iliyokaushwa, pamoja na vitunguu saumu. Maharage (grah) na supu nzito ya maneštra hupikwa mara nyingi na nyama ya nguruwe ya moshi. Sarma, kabichi zilizofungiwa nyama, huwa na nguruwe ndani. Ćevapi, vijiti vya nyama ya kusaga ya kuchoma, hutofautiana: sehemu moja ng'ombe mtupu, sehemu nyingine wamechanganya. Neno mast kwenye keki au unga ni mafuta, na mara nyingi ni ya nguruwe.

Mvinyo nao mara nyingi umo kwenye buzara, brudet, crni rižot, peka na pašticada. Usitegemee hata kimoja kati ya hivyo kije bila mvinyo kwa sababu umeomba dakika ya mwisho. Mara nyingi mchuzi huwa umeshapikwa mapema.

Sentensi za kuweka kwenye simu:

- Ne jedem svinjetinu. (Sili nguruwe.)
- Ima li u ovome svinjetine ili vina? (Humu mna nguruwe au mvinyo?)
- Bez mesa, molim. (Bila nyama, tafadhali.)
- Ne pijem alkohol, hvala. (Sinywi pombe, asante.)

Kwa Mwislamu njia iliyo wazi zaidi Dalmatia ni riba na gradele, samaki wa kuchoma kwenye wavu, na blitva na saladi. Uliza tu kama wavu huo huo unachoma nguruwe. Migahawa yenye cheti cha halali ni michache pwani. Uislamu wenyewe si mgeni nchini: ulitambuliwa kisheria mwaka 1916, msikiti mkubwa wa Zagreb ulifunguliwa 1987 na wa Rijeka 2013. Ukiwa kwenye miji hiyo miwili, waulize wanaosali hapo wanakula wapi.

Mwenye mzio naye asione haya. Kroatia iko Umoja wa Ulaya, na sheria ya Umoja inamtaka mwenye mgahawa aweze kukuambia kama chakula kina vitu kama karanga, maziwa, ngano, kamba, kome au mayai.

Hatua ya 7: Samaki wa kilo

Malalamiko makubwa ya bili yanatoka hapa. Bei ya samaki wazima kwenye menyu huwa ni ya kilo, si ya sahani. Itafute "/kg" pembeni ya bei, iko hapo, tena kwa herufi ndogo.

Samaki wamegawanywa kwa madaraja. Bijela riba, samaki weupe, ndio wa bei: zubatac, kovač, škarpina, brancin, orada. Plava riba, samaki wa bluu, ni dagaa wakubwa (srdele), vibua (skuše) na jamaa zao, na hawa kwa kawaida huuzwa kwa sahani, kwa bei ya kawaida. Mimi ukiniuliza, srdele waliochomwa sasa hivi wenye chumvi ya mawe hawashindwi na samaki yeyote wa bei. Wageni wanawapita kwa sababu ni rahisi. Shauri yao.

Ukitaka samaki mweupe, fuata utaratibu huu:

1. Mwambie mhudumu akuonyeshe samaki. Konoba nzuri italeta sinia mezani au itakuita kwenye barafu.
2. Tazama macho na mashavu. Macho yawe yamejaa na yanang'aa, mashavu yawe mekundu, harufu iwe ya bahari tu.
3. Uliza: "Je li riba iz uzgoja?" Ni wa kufugwa? Brancin na orada wengi wanafugwa. Si wabaya, ila bei yao iwe chini ya wa bahari wazi.
4. Uliza bei: "Koliko košta kilogram?"
5. Mwombe apime mbele yako: "Koliko teži?" Uzito ni wa samaki mbichi, na kichwa na mifupa yake.
6. Piga hesabu hapo hapo. Tuseme kilo ni yuro 70 na samaki ana gramu 800: hiyo ni yuro 56, kabla ya viazi. Kadiria gramu 300 hadi 400 za samaki mzima kwa mtu mmoja.
7. Ukiona bei haikai, sema hapana sasa. Hakuna anayekasirika. Samaki akishawekwa kwenye moto, ni wako.

Onyo: sentensi "nitakuchagulia mzuri" si bei. Mhudumu anaweza kuwa na nia njema kabisa na bado akakuletea zubatac wa kilo moja na nusu kwa watu wawili.

Hatua ya 8: Vinywaji

Maji ya bomba yanafaa kunywewa. Ukisema "voda" tu, mara nyingi italetwa chupa ya kulipia. Sema "voda iz slavine" kama unataka ya bomba. Ukisema "mineralna" utaletewa yenye gesi. Isiyo na gesi ni "negazirana".

Wanywaji wa mvinyo waombe wa nyumba, domaće vino, kwa desilita: "dva deci" ni glasi nzuri. Usishangae jirani akitia maji kwenye mvinyo mwekundu. Hiyo ni bevanda. Mweupe na maji ya gesi ni gemišt. Wadalmatia wana msemo kwamba samaki huogelea mara tatu: baharini, kwenye mafuta, na kwenye mvinyo.

Rakija, pombe kali ya zabibu au ya mimea, hutolewa mara nyingi bure mwanzoni au mwishoni. Ni ukarimu wa nyumba. Kuikataa si tusi ukiikataa kwa tabasamu na mkono kifuani.

Hatua ya 9: Kula

Samaki wa kuchoma huja mzima. Kama mifupa inakutisha, mwambie mhudumu: "Možete li očistiti ribu?" Atakuchambulia pale pale kwa vijiko viwili, na kumtazama akifanya hivyo ni nusu ya raha ya mlo. Watu wa kula kwa mkono, kwenye kome na kamba mko nyumbani. Kwenye samaki, tazama meza za jirani wanafanyaje.

Kabla ya kuanza husemwa "dobar tek". Jibu ni "hvala".

Hatua ya 10: Bili

Hailetwi mpaka uiombe: "Račun, molim." Unaweza kukaa saa nzima na sahani tupu bila mtu kukufukuza, hiyo ni heshima kwako, si uzembe.

Bili ikifika, kagua vitu vitatu: kuver mara idadi ya watu, vya kando, na uzito wa samaki. Kodi imeshaingia ndani ya bei. Tangu mwaka 2013 risiti za migahawa hupita kwenye mfumo wa kodi, na yako iwe na namba ndefu iliyoandikwa JIR. Ukipewa jumla iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi, omba risiti yenyewe.

Bahshishi si lazima. Watu huzungusha hesabu kwenda juu, au huacha kama asilimia 10 wakifurahi, taslimu ikiwezekana. Mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya nchi yako, chagua yuro. Kile kiwango cha kubadilisha wanachokupa hapo hakikupendelei wewe.

Mambo yakienda kombo

*Peka haipo na hukuagiza.* Omba kitu kutoka gradele, au pašticada kama unaila. Hiyo huwa imepikwa mapema.

*Samaki hajaiva karibu na mfupa.* Mrudishe bila kelele, arudi motoni dakika chache. Wanajua.

*Bili ina kitu usichoagiza.* Onyesha mstari kwa kidole, taja menyu. Mara nyingi ni kosa la meza. Kama hawasikii, lipa, shika risiti, na uwasilishe malalamiko kwa maandishi, yanaitwa prigovor. Mamlaka ya juu yake ni Ukaguzi wa Serikali, Državni inspektorat.

*Mmoja wenu hali nyama wala samaki.* Upande wa Omiš na Poljica tafuta soparnik: mkate mwembamba mpana uliojazwa blitva, uliookwa jikoni kwenye makaa na kupakwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu. Kwingine, unganisha vya kando vitatu, blitva, mboga za kuchoma na viazi, uongeze paški sir, jibini ya kondoo ya kisiwa cha Pag.

*Watoto hawataki chochote.* Omba palačinke, chapati za maji zilizokunjwa na jemu, kisha mle kwa amani.

*Moshi wa sigara.* Nje inaruhusiwa, na meza nzuri ziko nje. Omba kuhamishwa upande upepo unakotoka.

*Chakula kimebaki kingi.* Peka ya watu wanne mara nyingi huwashinda watu wanne. Sema "Možete li mi to zapakirati?" Watakufungia. Viazi vile, vilivyonyonya mafuta ya pweza usiku kucha, vipashe moto asubuhi kwenye kikaango bila kuongeza kitu.